Spicer-Simson, Mwingereza mwenye alipitisha mashua za vita juu ya milima ya Katanga

Mu hii ukurasa yetu ya Kiswahili tunaendelea kuwaletea maisha ya watu wenye majina yao yameandikwa mu historia ya inchi yetu, hata kama hawakuzaliwa hapa. Leo tunachukua mutu mumoja mwenye alikaa mu Kongo karibu mwaka mumoja tu, kati ya 1915 na 1916. Lakini mu ule mwaka alitimiza jambo lenye wengi walifikiri haiwezekani: alikamata mashua mbili za vita kutoka Uingereza, akazipitisha juu ya milima ya Katanga, akazishusha mu ziwa Tanganyika, na akawapiga Wajerumani nazo. Jina lake ni Geoffrey Basil Spicer-Simson.

Tunamuchagua juu ya sababu mbili. Ya kwanza, njia yake ilipita mu fasi zenye kila muchimbaji anajua, hata kama hajafika: Lubumbashi, Fungurume, Bukama, Kalemie. Ya pili, mu maisha yake kuna swali lenye linatugusa sisi watu wa kazi ya mikono, tangu Kirumba na Lubero hadi Butembo, Manguredjipa na Beni. Ile swali ni hii: nani anavuta muzigo, na nani anaandikwa jina?

Mutoto wa bahari

Spicer-Simson alizaliwa tarehe 15 mwezi wa kwanza 1876 kule Hobart, mu kisiwa cha Tasmania, upande wa Australia. Baba yake alikuwa ametumika mu meli za biashara, kisha akafuga kondoo. Nyuma ya miaka michache familia ilirudia Ulaya, na mutoto akakomalia upande wa Ufaransa. Njo maana alisema Kifaransa muzuri. Ile luga ilimusaidia sana wakati alifika mu Kongo ya Wabeleji. Alikuwa na ndugu yake, Theodore, mwenye alijulikana sana kwa ufundi wa kutengeneza medali.

Mu 1890, akiwa na miaka 14, aliingia mu jeshi la maji la Uingereza. Wakati ule, jeshi la maji la Uingereza lilikuwa kubwa kupita yote mu dunia, na kijana mwenye akili aliweza kupanda haraka. Yeye hakupanda haraka. Hakuwa mujinga, hapana. Alijua kupima mito na pwani na kuchora ramani, na alitumwa kufanya ile kazi mu inchi mbalimbali: mu China ku mutoni Yangtze, kisha mu Gambia, Afrika ya mangaribi. Mu 1902 alioa bibi mumoja wa upande wa Kanada, jina lake Amy.

Shida yake ilikuwa mudomo. Alipenda kujisifu. Alisimulia namna aliua wanyama wakali, namna alishinda huku na kule, namna alijua kila kitu kuliko wakubwa wake. Wenzake walimusikiliza, kisha walicheka wakati alikuwa amewapa mugongo. Kila mutu mwenye ametumika mu shimo anajua mutu wa namna ile: ku meza iko wa kwanza, ku kazi tunangoja tuone.

Tena alikuwa na bahati mubaya. Siku moja alitaka kujaribu namna ya kukamata meli zenye zinatembea chini ya maji, kwa kuvuta kamba kati ya manowari mbili za mbio, zile zenye kazi yake ni kuwinda na kuzamisha meli za adui. Karibu azamishe meli ya inchi yake mwenyewe. Siku ingine meli yake iligonga mashua ndogo ya watu, na mutu mumoja akakufa. Mambo kama ile yanaandikwa mu kitabu cha jeshi na hayafutike. Watu wa umri wake walipanda, yeye akabaki.

Vita ilianza mwezi wa 8 mwaka wa 1914. Alipewa kuchunga meli ndogo ku pwani ya Uingereza. Tarehe 11 mwezi wa 11, meli yenye ilikuwa chini yake, jina Niger, ilipigwa na meli ya Wajerumani yenye ilikuwa chini ya maji, ikazama mbele ya muji wa Deal, wakati wa muchana. Yeye hakuwa ndani. Alikuwa ku inchi kavu. Nyuma ya ile siku walimuweka mu biro, Londres, kushika makaratasi. Alikuwa karibu na miaka 39, na ilionekana kama kazi yake imefika ku mwisho.

Ziwa mu mukono wa Wajerumani

Sasa tuache kwanza huyu mutu mu biro yake, turudie kwetu Afrika.

Ziwa Tanganyika iko na urefu wa karibu kilometa 670. Mu 1914, upande wa mangaribi ilikuwa Kongo ya Wabeleji. Upande wa mashariki ilikuwa koloni ya Wajerumani, yenye ilishika Tanzania bara ya leo, Rwanda na Burundi. Barabara hazikuwa nyingi. Mwenye kutawala maji aliweza kupeleka askari fasi yoyote kwa siku moja ao mbili, na mwenye hakuwa na meli alibaki kungoja kupigwa.

Wajerumani walielewa ile mbele ya wengine. Tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka wa 1914, meli yao Hedwig von Wissmann ilikuja ku Lukuga, fasi yenye leo ni Kalemie, ikapiga meli ya Wabeleji, jina Alexandre Delcommune, mpaka haikutembea tena. Walivunja na pirogi za watu wa ku pwani. Tangu ile siku, ziwa ilikuwa yao. Walikuwa na Hedwig, na Kingani yenye ilikuwa ndogo kidogo. Kisha, mu 1915, wakaongeza meli kubwa kabisa, Graf von Götzen, yenye urefu wa karibu metre 71.

Ile Götzen ilitengenezwa mu Ujerumani, kule Papenburg, mu 1913. Nyuma waliifungua vipande vipande, wakaitia mu masanduku, wakaipakia mu meli mpaka Dar es Salaam, kisha mu treni mpaka Kigoma, na kule wakaijenga upya. Ilishuka mu maji tarehe 5 mwezi wa 2 mwaka wa 1915. Iliweza kubeba askari mamia kwa mara moja.

Na mizinga yake ilitoka wapi? Hapa kuna hadithi ya meli ingine ya Wajerumani, Königsberg. Ile ilikuwa manowari ya kweli ya bahari kubwa. Mwezi wa 9 mwaka wa 1914 ilizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, kule Unguja. Kisha ilijificha mu matawi ya muto Rufiji, na Waingereza wakaifungia mule miezi mingi. Tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka wa 1915, Wajerumani wenyewe waliivunja juu ya kukosa njia ya kutoka. Lakini walitosha mizinga yake, wakaivuta ku inchi kavu. Mumoja wao ulipelekwa mpaka Kigoma, ukawekwa juu ya Götzen. Namna ile muzinga wa bahari ya India ukafika mu ziwa la katikati ya Afrika.

Wabeleji walikuwa na meli moja kubwa, Baron Dhanis, lakini ilikuwa ingali mu vipande, na hawakuweza kuijenga ku pwani yenye adui anapita kila siku.

Mimi na Toutou

Mwezi wa 4 mwaka wa 1915, muwindaji mumoja wa tembo, John Lee, mwenye alijua hizi inchi, alifika Londres na kuingia mu biro ya wakubwa wa jeshi la maji. Alileta mawazo hii: mulete mashua ndogo zenye mbio, muzipitishe Afrika ya kusini, kwa treni, kisha kwa barabara ya poli, mpaka ku ziwa. Wakubwa walikubali. Walitafuta mutu wa kuongoza, lakini maofisa wazuri wote walikuwa mu vita ya Ulaya. Yule mwenye alikuwa bure alikuwa Spicer-Simson.

Walimupa mashua mbili za mbao, zenye urefu wa metre 12 hivi, zenye moteri za esansi. Kila moja iliwekewa muzinga mudogo mbele na bunduki ya masasi mingi nyuma. Ule muzinga uliweza kupiga paka mbele. Kama unapiga ku pembeni, nguvu yake ingeweza kupasua mashua yenyewe. Lakini mbio yake ilikuwa kubwa: karibu kilometa 35 kwa saa, mara mbili na zaidi ya meli za Wajerumani zenye zilikuwa mu ziwa wakati walipanga safari.

Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Imbwa kwa luga yao. Wakubwa wakakatala. Basi akaziita Mimi na Toutou, majina yenye Wafaransa wanaita kapaka na kambwa. Wakubwa wakakubali bila kuelewa. Sisi wenye kusema Kiswahili tunaona jambo lenye yeye pengine hakuliwaza: mutu mwenye kupenda kujisifu alienda mu vita na mashua yenye kuitwa Mimi.

Waliondoka Uingereza katikati ya mwezi wa 6 mwaka wa 1915, watu karibu 30, wakafika Cape Town mwanzo wa mwezi wa 7. Kutoka kule walipakia mashua juu ya vagoni, wakasafiri kilometa zaidi ya 3,000 mpaka Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo. Walifika mwisho wa mwezi wa 7. Muji ulikuwa mupya. Treni ilikuwa imefika kule mu 1910, na shaba ya kwanza ya Union Minière iliyeyushwa mu 1911. Njia ya treni ilikuwa ikiendelea kujengwa kuelekea Bukama, lakini wakati ule mwisho wake ilikuwa Fungurume. Treni haikufika Bukama mbele ya 1918.

Kule Katanga njo Spicer-Simson aligombana na Lee na kumufukuza. Mutu mwenye alileta mawazo yote, na mwenye alitangulia kutafuta njia, akarudishwa. Namna ile jina moja likabaki ku mbele.

Kilometa zaidi ya 200 mu mikono ya watu

Kati ya Fungurume na Sankisia kulikuwa zaidi ya kilometa 200 za poli na milima. Ile milima inaitwa Mitumba. Ndugu wasomaji, tusikilize vizuri: ni musururu uleule wenye unafika mpaka kwetu Lubero. Mutu wa Kirumba hahitaji mutu wa kumueleza namna ya kupandisha muzigo ku mulima wa Mitumba. Anajua namna magurudumu yanazama, anajua namna chukudu inakatala, anajua namna mvua moja inakula kazi ya juma muzima.

Basi, mu mwezi wa 8, kazi ilianza. Vijiji vilitoa wanaume mamia kwa mamia. Walikata miti, walitosha mawe, walijaza mabonde, walitengeneza vilalo zaidi ya mia moja. Mashua ziliwekwa juu ya magari ya magurudumu, na kuvutwa na mashini mbili kubwa za moshi zenye kula kuni na maji. Wakati mashini ilishindwa, waliongeza ngombe, makumi kwa makumi. Wakati ngombe walishindwa, watu walishika kamba. Ku mupando mukali, walifunga kamba ku miti yenye ilikuwa juu na kuzungusha, metre moja, metre moja. Ku mushuko ilikuwa hatari zaidi, juu muzigo unataka kukimbia peke yake. Walipita ku urefu wa karibu metre 1,800.

Kisha maji ikakosekana. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na mito ilikuwa imekauka. Mashini ya moshi bila maji ni chuma tu. Nani aliokoa ile safari? Wamama. Wamama wa vijiji vya pale walitembea kilometa nyingi, na vyungu juu ya kichwa, wakaleta maji ya kutia mu mashini, wakarudia tena. Leo tunapoona wamama wa ku shimo, wale wenye kubeba mawe na mchanga ku mugongo kutoka ku kilima mpaka ku maji, tunaona kazi ileile.

Tarehe 28 mwezi wa 9, mbele ya mvua kubwa, walifika Sankisia. Kule kulikuwa treni ndogo mpaka Bukama. Ku Bukama walishusha mashua mu muto Lualaba, lakini maji ilikuwa chini, na walizifunga mapipa ku chini ili zielee. Mara nyingi zilikwama ku mchanga, na watu wakaingia mu maji kusukuma. Walifika Kabalo karibu na tarehe 22 mwezi wa 10, kisha wakapanda treni ya Wabeleji mpaka Lukuga. Kutoka Uingereza mpaka ku ziwa, ilikuwa zaidi ya miezi ine.

Bwana wa kitambaa

Ku Lukuga, watu wa Waholoholo wenye walikaa pale waliona muzungu wa ajabu. Juu ya joto, Spicer-Simson alivaa kitambaa cha jeshi sawa jupe ya mwanamuke, yenye bibi yake alimushonea. Mwili wake ulikuwa na michoro ya nyoka na wanyama, yenye alichoresha mu safari zake za Asia. Mara kwa mara alioga mbele ya watu, na watu walikuja kuangalia. Walimupa jina Bwana Chifungatumbo, juu ya kile kitambaa chenye alifunga ku tumbo. Wengine walitengeneza sanamu zake za udongo.

Maofisa wa Kibeleji hawakumupenda. Aliwaonyesha sawa vile wao ni watoto wa shule. Lakini kazi ya kutengeneza bandari ndogo iliendelea, na wenye kuifanya kwa mikono walikuwa tena watu wa pale.

Wajerumani walisikia kwamba kuna kitu kinatengenezwa. Mwanzo wa mwezi wa 12, ofisa wao mumoja, Rosenthal, aliogelea usiku mpaka karibu na bandari ili aone. Alikamatwa. Walimuruhusu kuandika barua ku wakubwa wake, na yeye akaongeza habari ya siri kwa kuandika na mukojo, wino yenye haionekane. Lakini ile habari ilisomwa kuchelewa sana.

Asubui ya tarehe 26 mwezi wa 12, siku ya mungu, kesho yake ya Noeli, Waingereza walikuwa mu maombi. Kingani ikaonekana ku maji. Spicer-Simson alimaliza maombi, hakukimbia. Kisha Mimi na Toutou zikatoka. Mapigano haikufika hata robo saa. Kingani ilikuwa na muzinga mumoja tu wa mbele, na mashua zikamukimbilia ku pembeni na nyuma. Komanda wake, Junge, alikufa pamoja na wengine. Wenye walibaki walijitoa, na meli ikavutwa ku pwani ikiwa karibu kuzama. Waliitengeneza, wakaiwekea muzinga mukubwa zaidi, na kuiita Fifi.

Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka wa 1916, Hedwig von Wissmann ilikuja kutafuta habari za Kingani. Mimi na Fifi zikamufukuza masaa mingi. Mimi yenye mbio ilitangulia na kumusumbua, na Fifi ikafika nyuma. Masasi makubwa ya Fifi yalikuwa karibu kuisha wakati moja ilifika ku mashini ya adui. Hedwig ikawaka moto na kuzama. Ile meli yenye ilianza vita ya ziwa mu 1914 ikamalizia pale.

Siku yenye alikatala kutoka

Kesho yake, Götzen yenyewe ikatokea. Ilipita polepole mbele ya Lukuga, ikitafuta mwenzake. Kila mutu alikimbilia ku mashua, akingoja amri. Spicer-Simson aliangalia ile meli kubwa, akaangalia mashua zake, na akasema hapana. Götzen ikapita na kwenda.

Tusimuhukumu haraka. Muzinga wa Königsberg ungeweza kuvunja mashua zake za mbao kwa sasi moja. Kukatala kupoteza watu bure si uoga. Wengi wetu wanajua mukubwa wa shimo mwenye alisema leo hatushuke, wote wakanunguna, na jioni udongo ukaanguka.

Lakini ile hapana haikuisha siku moja. Alifunga safari mpaka Léopoldville kutafuta meli kubwa zaidi, akarudia mwezi wa 5 na mashua moja ya chuma. Wabeleji walikuwa wameleta ndege za kutua juu ya maji, na mwezi wa 6 zikaenda kutupa mabomu ku Kigoma. Alikatala kushirikiana nao. Mwezi uleule alitumwa kusini, ku Bismarckburg, fasi yenye leo inaitwa Kasanga, kufunga njia ya maji wakati askari wa Waingereza wanashambulia kwa inchi kavu. Aliona mizinga ya boma, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakapanda mashua zao na kutoroka. Mukubwa wa wale askari alimukaripia vikali.

Na Götzen? Mu ile miezi, Wajerumani walikuwa wametosha muzinga wake mukubwa juu jeshi lao la inchi kavu liliuhitaji. Ku fasi yake waliweka muzinga wa mti, wa kudanganya macho. Meli yenye iliwatisha wote ilibaki karibu mikono mitupu. Tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka wa 1916, wakati Wabeleji walikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipakaza moteri zake mafuta mazito, ili siku moja mutu aweze kuifufua.

Mwisho wa mutu, na mwisho wa meli

Spicer-Simson alianguka mu ugonjwa, wa mwili na wa kichwa. Alikaa mu kitanda, hakutaka kuonekana. Wakamurudisha Uingereza mu 1916. Kule alipewa medali kubwa ya ushujaa, na Wabeleji nao wakamupa yao. Lakini mu siri wakubwa walimukaripia juu ya ubaya wenye aliwatendea Wabeleji, na hawakumupa tena kuongoza meli mu vita.

Nyuma ya vita, luga yake ya Kifaransa ikamupatia kazi. Alitumika kama mutafsiri wakati wa mapatano ya amani ya 1919. Tangu 1921 mpaka 1937 alikuwa katibu mukubwa wa biro ya mataifa yenye inapatanisha ramani za bahari, kule Monaco. Ilikuwa kazi ya kupima na kuchora, ile yenye alijua kweli tangu ujana. Alizeekea ile, kisha akaenda Kanada, inchi ya bibi yake, na kule akakufa tarehe 29 mwezi wa kwanza 1947, akiwa na miaka 71. Vita ya ziwa iliingia mu kitabu cha hadithi cha 1935 na mu filme yake ya 1951, The African Queen, yenye sehemu yake ilipigwa picha mu Kongo na mu Uganda.

Na Götzen iliishi zaidi yake. Wabeleji waliitosha mu maji, ikazama tena mu 1920. Waingereza wakaitosha mu 1924, na mwezi wa 5 mwaka wa 1927 ikaanza kutembea na jina jipya, Liemba. Miaka na miaka imebeba mihogo, samaki, wamama wa biashara na watoto wao. Mu 1997 ilirudisha ku kwao Wakongomani wengi wenye walikuwa wamekimbia vita, na mu 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi. Meli yenye ilitengenezwa kwa kubeba askari ikawa meli ya kubeba watu wenye kukimbia askari.

Wenye hawana jina

Sasa turudie ku swali letu.

Mu vitabu vyenye kueleza hii safari, tunapata majina ya maofisa, ya mafundi, ya muganga, hata majina ya mashua. Wanaume wenye walikata njia ya Mitumba wanapata tu hesabu: mia hivi, elfu hivi. Wamama wenye walibeba maji hawana jina hata moja. Na nyuma ya ziwa, wakati jeshi la Kongo lilienda mpaka kukamata Tabora mwezi wa 9 mwaka wa 1916, wapagazi zaidi ya 200,000 walikamatwa ku vijiji, na wengi, hata wa mashariki hii yetu, hawakurudia. Hakuna medali yenye ilishushwa mpaka ku vijiji vyao.

Hatusemi kwamba Spicer-Simson hakufanya kitu. Alifanya. Mutu mwenye maisha yake yote yalikuwa kushindwa alipata nafasi moja, akaishika, akashinda mara mbili. Ile ni kweli, na inafaa kuheshimiwa. Lakini mashua yenye inaitwa Mimi haikupanda mulima kwa nguvu ya mutu mumoja. Ilipandishwa na sisi.

Basi, wazazi wa Kirumba na wa fasi zote kwenye hii gazeti inafika, tunawaomba jambo dogo. Bado kuna wazee mu vijiji wenye walisikia ku wababu wao habari za mizigo ya ile vita, nani alichukuliwa, nani alirudia, nani alibakia njiani. Muwaulize. Muandike majina mu kayé ya watoto wa shule. Na hapa leo, wakati timu inashuka mu shimo, muandike pia majina ya wale wenye wameshuka, yote, na tarehe. Hii haiombe franga mingi. Inaomba bic na dakika mbili, ili kama siku moja mutu anaeleza kazi ya mikono yetu, asikose majina yetu.